Selpha Adoyo, Aliyeutaja Wasiwasi Wake kwa Jina

Selpha Adoyo Ondiek alikuja duniani Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1979, mkesha wa Pasaka, nyumbani kwa nyanya yake karibu na soko la Awasi. Mama yake alikuwa amekwenda huko kusaidia kupalilia, na uchungu ukamshikia katikati ya mahindi. Ndiyo maana mtoto akaitwa Adoyo, jina la wanaozaliwa msimu wa palizi. Alikuwa wa tatu kati ya watoto wa marehemu Mzee Okumbe na marehemu Mama Wilkista. Nyanya yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakufumba macho kama watoto wengine wachanga, alikaa akiukodolea mlango. Watu walicheka. Mtoto wa siku moja atakuwa anamwogopa nani?

Alianza darasa la kwanza mwaka 1986 papo hapo Awasi. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa kucheka, na walimu walimweka mbele. Mnamo Novemba 1993 alikaa kwenye mtihani wa darasa la nane. Karatasi ya hesabu ilipofunguliwa, somo alilolipenda kuliko yote, jambo likamtokea ambalo baadaye alilieleza mara nyingi na kwa maneno yaleyale: meza ilikwenda mbali, kisha ikaja karibu, moyo ukapanda kooni, vidole vikawa baridi, na akajua, si kudhani, akajua kwamba anakufa. Akainuka akakimbia hadi kisimani. Mwalimu akamfuata.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Sasa unakimbia nini?"

Zahanati walimpima malaria wakaikosa. Shangazi mmoja akasema ni mapepo, akaombewa Jumapili mbili. Mwingine akasema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa nyumbani. Mwalimu mkuu akasema ni uvivu umejifunika blanketi. Kila mtu alikuwa na jina la kumpa, ila hakuna aliyemwuliza alihisi nini. Alirudia darasa, akaingia sekondari, na mwaka 1996 akaiacha akiwa kidato cha pili kwa sababu hakuweza tena kusimama gwaride la asubuhi. Nyumbani alisema ni vidonda vya tumbo. Tumbo waliliamini. Tangu wakati huo Selpha alitaka kitu kimoja tu katika maisha yake, na alikitaka hadi saa yake ya mwisho: akisema kinachompata, aaminiwe.

Mwaka 1999 alihamia Manyatta, kule Kisumu, akajifunza ususi. Hapo ndipo Mungu alipomfungulia dirisha, maana mikono yake ilikuwa na adabu ya ajabu. Wateja walisinzia akiwasuka. Mwaka 2008 alifungua saluni yake mwenyewe upande wa Kondele, akaiita Nyar Kano, yaani binti wa Kano, nchi ya kwao Awasi, jina ambalo wakwe zake walimwita. Alishirikiana na rafiki yake Subira Bakari, Mwislamu mzaliwa wa Kaloleni, ambaye ulimi wake unajulikana kuliko saluni yenyewe.

Lakini ile hali ilihamia naye. Ilimjia akiwa na kichana mkononi, ikamtoa mbio, na kesho yake ilibidi atafute uongo. Leo malaria, kesho presha, keshokutwa msiba. Alimzika shangazi yuleyule wa Ahero mara nyingi mpaka Subira akamwuliza mbele ya wateja, "Huyo shangazi yako anafufuka saa ngapi, nije nishuhudie?" Selpha alicheka nao, kisha akaenda nyuma ya saluni akalia. Subira alimwona akilia, akadhani anamlilia shangazi.

Alifunga ndoa na Gordon Ondiek, fundi wa kuchomelea vyuma, Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2002. Waliokuwepo hawajasahau. Walipofika kwenye viapo, bibi harusi aligeuka akatoka kwa mlango wa pembeni, shela na yote, akaenda kusimama kando ya tangi la maji. Kanisa likavuma. Gordon akamfuata na suti yake iliyomzidi mabega.

"Selpha, umenikataa?"

"Sijakukataa wewe. Nimekataa hiyo nyumba. Inanibana."

"Na hapa nje?"

"Hapa nje naweza."

Gordon akarudi mlangoni akamwita Mchungaji Wepukhulu, na mchungaji, Mungu amweke, hakuuliza swali hata moja. Alibeba Biblia yake akaja kwenye tangi. Kwaya ikafuata, wazee wakafuata wakikanyaga matope, na mama mmoja wa kanisa akapiga kelele, "Yawa! Harusi ya tangi!" Hivyo ndivyo walivyooana. Gordon alisema kwa miaka mingi kwamba lilikuwa joto. Hakuwa anadanganya, alikuwa hajui. Mungu aliwajalia watoto wawili, Frankline mwaka 2004 na Caren mwaka 2008.

Ugonjwa wake ulipata jina mwezi Machi 2016, na ulilipata kwa sababu ya kichwa cha Mama Nabututu. Mama Nabututu huuza mboga Kondele. Siku hiyo Selpha alikuwa amemsuka upande mmoja tu, ile hali ikamjia, akatoka akaenda zake. Subira hakuwepo kumalizia. Kesho yake asubuhi mama alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Nyar Kano! Umeniacha na kichwa nusu! Nimepita soko lote hivi, watoto wananifuata wakifikiria kuna sarakasi imekuja!"

Subira akawahi. "Pole, Mama, ni yule shangazi yake wa Ahero..."

"Wacha, Subira," Selpha akasema. "Hakuna shangazi. Mama Nabututu, niliogopa."

"Uliogopa nini? Kichwa yangu?"

"Sijui. Hiyo ndiyo shida. Moyo unapiga kama mtu ameona simba, na hakuna simba. Naona nakufa. Halafu sifi. Halafu inarudi tena."

Draya ikazimwa. Mama Nabututu alikaa chini polepole. "Dada yangu kule Webuye alikuwa hivyo," akasema. "Walimfunga kamba." Kisha akajifunga kitambaa chake. "Maliza hii nywele. Tukitoka hapa tunaenda hospitali, na mimi siendi sokoni leo."

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Alimwambia kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana, ugonjwa wa wasiwasi, kwamba hakujiletea, kwamba una dawa na una mbinu zake. Selpha alirudi Kondele akikimbia, safari hii kwa furaha, akipiga kelele kabla hajafika mlangoni: "Subira! Ina jina! Ina jina lake!" Aliwaambia wateja, aliwaambia vijana wa bodaboda nje, alimwambia muuza maandazi ambaye hakuwa ameuliza. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu la lile swali la Mwalimu.

Baada ya hapo hakunyamaza tena. Aliwafundisha wanawake wa saluni namna ya kumsaidia. Wamkalishe kwenye kile kigoda kifupi, wamvue viatu ili miguu iguse saruji baridi, wamshike mkono wasimpapase, na wamwambie ataje vitu anavyoviona, kimoja kimoja, mpaka pumzi irudi. Mama Nabututu alijifanya Selpha ili wafanye mazoezi, akaigiza kwa macho ya kugeuka na kuanguka juu ya taulo, wakacheka hadi machozi. Na Selpha akawapa amri moja, akaisema kwa sauti ya mtu asiyetania:

"Nikiwaambia leo ndiyo mwisho, leo nakufa kweli, msiniamini. Kila mara nitasema hivyo. Mimi mwenyewe huwa najiamini, na huwa ni uongo. Nyinyi nishikeni tu."

Wakakubali. Ilifanya kazi. Kwa miaka tisa kila ilipokuja waliishika, ikapita, wakapika chai.

Alisema pia kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Wawili walihama benchi. Mama mkwe wake, Mama Maximilla, alipata habari hapa Bondo akapiga simu, akimwita mama Frank kwa Kijaluo. "Min Frank, hayo ni maneno ya ndani ya nyumba. Nani ataoa Caren akisikia?" Selpha akamjibu kwa heshima, "Mama, nikinyamaza ndiyo naumwa zaidi." Hawakuelewana, wala hawakugombana. Lakini wanawake walianza kuja saluni wasiohitaji kusukwa. Wangekaa, wangegusa nywele zao, wangesubiri wengine watoke, kisha mmoja angesema kwa sauti ndogo, "Ile kitu ulisema... na mimi." Mwanafunzi mmoja wa chuo alisafiri kutoka hapa Bondo na kofia kichwani, na chini ya kofia hakukuwa na nywele za kusuka, alikuwa amezing'oa kwa hofu. Selpha alikaa naye hadi jioni.

Caren alipokuwa mdogo alimwuliza, "Mama, ukisema, inapungua?"

"Haipungui," akajibu. "Lakini sikai nayo peke yangu."

Familia ingependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo panapendeza. Lakini Mama mwenyewe hakupenda hadithi zilizopakwa mafuta. Ukweli ni kwamba hakupona. Mwaka 2020 saluni zilipofungwa, alikaa ndani miezi, na zilipofunguliwa hakuweza kuvuka barabara mpaka Subira aje amshike. Dawa zilikuwa zikikosekana hospitalini, na zikikosekana alirudi nyuma hatua zote alizopiga. Ijumaa, tarehe 12 Novemba 2021, mama yake alizikwa Awasi. Selpha alifika hadi kwenye ua wa nyumba, akasikia nyimbo, miguu ikakataa. Mama yake aliteremshwa kaburini yeye akiwa amekaa chini nje ya ua ameshika majani kwa mikono miwili. Mjomba mmoja alipita karibu akasema bila kushusha sauti, "Mtoto gani huyu hamwagii mama yake udongo?" Selpha alikuwa ameshamweleza mjomba huyo ugonjwa wake, kwa maneno mepesi, zaidi ya mara moja. Hakuamini.

Baada ya msiba huo alibadilika. Alikuwa bado anawasaidia wengine, na wengine walitoka saluni wakitabasamu, lakini nyumbani alikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, kikaondolewa, kikaletwa kingine. Alimwambia mumewe, "Gordon, nimechoka kuogopa. Hata nikifurahi naogopa. Nikiona watoto wamelala vizuri, naogopa." Gordon ni mtu wa vyuma. Alimtengenezea kiti kipya cha saluni chenye mgongo mrefu. Hakujua la kufanya zaidi, na hakuna aliyemwambia.

Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, Selpha alifungua saluni kama kawaida. Asubuhi hiyo alikuwa akimsuka Mama Nabututu matuta, na Subira alikuwa akiosha vichana. Aliweka kichana chini.

"Subira, ile yangu imekuja."

Wakaanza kazi yao. Kigoda, viatu, saruji, mkono. "Taja, Nyar Kano," Mama Nabututu akamwambia. "Unaona nini?" Akataja kioo. Akataja taulo la bluu. Kisha akaacha kutaja.

"Hapana. Hii siyo ile. Hii inanivuta mkono. Subira, leo ni kweli."

"Kila siku ni kweli," Subira akamwambia, kwa upole, vile walivyopatana. "Taja, mpenzi. Nini kingine?"

Huzaifa, kijana wa bodaboda wa pale nje, alichungulia dirishani. "Mama Frank ana nini? Nimpeleke hospitali?"

"Tulia, Huzaifa. Huyu tunamjua," wakamjibu.

Selpha akasema tena, "Niamini." Subira akamkaza mkono. Akataja draya. Akataja mlango. Kisha akatulia, kichwa kikamlalia Subira begani, na Subira na Mama Nabututu wakashusha pumzi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ikiisha siku zote, kwa kutulia. Mama Nabututu alisema, "Imepita. Mungu ni mkubwa," akaenda kuwasha jiko la chai. Ni mvuke ulipoanza kupanda ndipo Subira alipomwita rafiki yake, akamwita tena.

Huzaifa alimbeba. Hospitalini walisema alikuwa ameshafariki. Daktari alieleza kwamba ulikuwa moyo, mshipa umeziba, na kwamba magonjwa hayo mawili huja yamevaa nguo moja: kifua, jasho, pumzi, hofu ya kufa. Alisema maumivu mapya, yale yanayoshuka mkononi, si ya kungojea nyumbani, hata kwa mtu mwenye wasiwasi. Alisema kwa huruma. Lakini alisema Jumatano, baada ya chai kuchemka.

Ratiba hii ya mazishi ilipokuwa ikitayarishwa, wazee wa ukoo walishauri iandikwe kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Gordon alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Muda mfupi? Ameugua tangu darasa la nane. Andikeni aliugua wasiwasi miaka thelathini na zaidi, na akafa kwa moyo, na alituambia, na tulikuwa naye." Mzee mmoja akasema basi ndiyo hayo, kule kusema kwake ndiko kulikomuua, angenyamaza wangemkimbiza hospitali. Familia imetafuta jibu la neno hilo tangu siku ile na haijalipata. Huenda mtu hapa analo.

Familia haimlaumu Subira Bakari, wala Mama Nabututu. Wawili hao walifanya alivyowafundisha, na walifanya kwa mapenzi. Subira hajafungua saluni. Tangu siku hiyo ulimi ule tunaoujua wote umesema jambo moja tu: "Si ni yeye aliniambia nisimwamini?" Leo ameombwa aketi na familia, mstari wa mbele, na tunawaomba waombolezaji msimwulize ilikuwaje. Imeandikwa hapa ili asiulizwe.

Marehemu ameacha mume wake, Gordon Ondiek, mama mkwe wake, Mama Maximilla, ndugu zake wa Awasi, na watoto wake, Frankline aliye chuoni na Caren aliye kidato cha tatu. Caren naye anaugua wasiwasi. Alipimwa mwaka jana, na Mama alitaka jambo hilo litangazwe, akasema lisifichwe. Linatangazwa. Tangu Jumatano ile, Caren akishika kifua, nyumba nzima hukimbia kutafuta pikipiki, baba yake huangusha alichoshika, na yeye huwaambia, "Ni ile tu, ni ile tu." Wanamtazama machoni wasijue waamini nini. Yeye pia hajui.

Mama Selpha azikwe leo, Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, katika boma la mumewe hapa Bondo, na Mungu ampe ule utulivu ambao sisi tulishindwa kumpa.